Mshahara ulikatwa asilimia 20, ukaongezwa asilimia 20, na bado haukurudi: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kisa hiki ni cha ofisi ndogo tu, watu hawafiki ishirini. Chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekitoa, na mishahara nimeigeuza iwe namba nyepesi ili hesabu isomeke, ila uwiano wote ni uleule uliokuwepo kwenye karatasi zao. Kwaiyo ukiona 1,000 usiulize ni hela ya wapi, chukulia ndo mshahara wa mwezi wa mfanyakazi wa kawaida pale.

Mimi niliingia mambo yakiwa yameshachacha. Nafundisha hesabu za kazini kwa watu wazima, na meneja aliniita nije nitoe somo fupi la asilimia kwa sababu, kwa maneno yake, "watu wangu hesabu hawajui wananisumbua bure". Nikamwambia sawa, ila kwanza nione karatasi. Nikapewa barua mbili, faili la Excel na slipu kadhaa, na kwa kweli karatasi zilisema mengi kuliko watu, maana kila mtu pale alikuwa na stori yake na kila stori ilikuwa na nusu ya ukweli.

Wahusika ni wanne. Meneja mwenyewe. Mhasibu, kijana makini sana, shuleni hesabu alikuwa vizuri na anajua hivyo. Fundi wa siku nyingi ambaye wenzake humtanguliza kukiwa na la kusema. Na mama wa mapokezi ambaye hafanyi wiki nzima, anafanya saa 25 kati ya 40, yaani 5/8 ya saa, kwaiyo analipwa 5/8 ya mshahara, 625.

Mambo yalivyoenda

Kazi zilipungua, meneja akaita kikao akasema badala ya kupunguza watu bora wapunguze mishahara kwa moja ya tano kwa miezi 6, ikiisha mishahara inarudi kama ilivyokuwa. Watu wakaguna wakakubali. Hayo maneno "kama ilivyokuwa" yashike, yalikuwa ahadi, na kesi nzima imekalia hapo.

Barua ya kwanza iliandika 1/5 hivohivo, kwa sehemu. Hapo tu pakawa na kizaazaa kidogo: mmoja aliiona moja na tano akasoma kama 15, akawa anajiandaa kwa asilimia 15. Mwingine aliona tano akajua ni asilimia 5, akafurahi, mpaka slipu ilipofika. Hizi si akili ndogo, ni mazoea, mtu aliyezoea kuona asilimia kwenye matangazo kila siku akikutana na sehemu anatafuta namba iliyo wazi na kuibandika alama ya asilimia. Kumbe njia ni fupi tu, 1/5 ni 1 gawanya kwa 5, unapata 0.2, zidisha kwa 100 unapata asilimia 20. Ukitaka kurudi unarudi kwa njia hiyohiyo: 20 kwa 100, punguza, 1/5.

Mhasibu naye alikuwa na lake kwenye Excel. Aliandika 20 kwenye seli tupu halafu akabonyeza kitufe cha alama ya asilimia, seli ikaonyesha 2000%. Excel haijakosea hapo, 20 ni 20 nzima, na 20 nzima ni asilimia 2,000. Fomula ikatoa mshahara wa kawaida kuwa hasi 19,000, yaani mfanyakazi afanye kazi mwezi mzima na bado adaiwe. Aliliona haraka kwa sababu lilikuwa kosa la kuchekesha, akabadilisha ikawa 0.2, mambo yakakaa sawa. Nalitaja kwa sababu moja: kosa kubwa linajionyesha lenyewe. Kosa lililokuja baadaye halikuwa na sura ya kosa.

Miezi 6 ikapita. Wa 1,000 analipwa 800, mama wa mapokezi analipwa 500, ambayo ni sawasawa kabisa, maana 4/5 ya 5/8 ni 1/2, na nusu ya 1,000 ni 500.

Ikaja barua ya pili: "mishahara yote itaongezwa kwa asilimia 20 ili kurudi kwenye kiwango cha awali". Mhasibu akaweka 0.2 kwenye safu ya nyongeza, Excel ikafanya ilichoambiwa, slipu zikatoka. Wa 800 akawa 960, mama wa 500 akawa 600.

Wengi hawakusema kitu. Nadhani baada ya miezi ya ukata 960 ilionekana nzuri tu, na wengine walijua kuna makato ya huku na huku. Aliyeshtuka ni mama wa mapokezi, na alishtuka kwa sababu namba zake zilikuwa zinamkaa kichwani: 625, 500, halafu 600? Akauliza kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Mhasibu akamjibu kwa adabu tu: "Mama, ishirini ilitoka, ishirini imerudi, hakuna kilichopotea." Mama akamwandikia: "Mwanangu, mbona mimi ishirini na tano yangu siioni?"

Alikuwa anasema hela, 625 toa 600. Ila bila kujua alikuwa ametaja pia jibu la kesi nzima, tutafika.

Fundi akaingia kusaidia na ndo akavuruga. Slipu ya mama ilikuwa na mstari wa uwiano wa saa umeandikwa 0.63. Fundi akachukua kalkuleta, 0.63 mara 1,000 ni 630, toa 600, akaandika kwenye grupu kwamba mama anadai 30. Kumbe Excel ndani ilikuwa imeshika 0.625 kamili, iliyochapwa kwenye karatasi ni ile iliyokadiriwa kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Sasa kuna watu wawili upande mmoja na madai mawili, 25 na 30. Meneja akaona hapo ndo ushahidi kwamba hesabu hawajui. Somo likaombwa.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu na ulikuwa kutofanya somo la jumla. Meneja alitaka nianze na kubadilisha sehemu kuwa desimali, desimali kuwa asilimia, kama darasani. Lakini nilipopitia faili niliona kubadilisha hakuna aliyekosea kwenye zile hesabu za mwisho. 1/5 ni 0.2 ni asilimia 20, kote kote ni sahihi. Kilichokosekana ni "ya nini". Asilimia 20 iliyotoka ilikuwa ya 1,000, asilimia 20 iliyorudi ilikuwa ya 800. Ishirini mbili, baba tofauti. Ukiwapa watu saa nzima ya mazoezi ya kubadilisha wakati shida iko kwingine unawachosha na kuwathibitishia kwamba wao ndo tatizo.

Kwaiyo nilikaa kwanza na mhasibu peke yake, kabla ya wengine. Hilo nilifanya makusudi. Mtu aliyejibu kwa kujiamini mbele ya ofisi nzima ukimsahihisha mbele ya ofisi nzima atatetea jibu lake mpaka kesho.

Nikakata ukanda mrefu wa karatasi, nikamwambia kunja vitokee vipande vitano sawasawa. Akakunja. Nikamwambia kipande kimoja kikunje nyuma kisionekane, huo ndo mshahara uliokatwa. Akabaki na vipande vinne mbele. Sasa niambie, unachotakiwa kurudisha ni sehemu gani ya hiki unachokiona? Akahesabu kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu, vinne, akakigeuza kile cha nyuma akakilinganisha na kimoja cha mbele, akakaa kimya kidogo. "Ni robo." Robo ya kilichobaki. Robo ni 0.25, ni asilimia 25. Akachukua kalkuleta mwenyewe, 800 mara 1.25, 1,000. Akafanya 500 mara 1.25, 625. Akasema kitu kimoja tu, "ila ni kipande kilekile", na kweli ni kilekile. Kilikuwa moja ya tano kikiwa na wenzake wanne, kikawa robo ya hao wenzake kilipotolewa nje.

Uamuzi wa pili ndo ulikuwa mgumu, namna ya kurekebisha. Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu na kila moja lilikuwa na mtetezi.

Fundi alisema tuongezewe asilimia 5. Hoja yake: ilitakiwa 25, tumepewa 20, imebaki 5. Inasikika vizuri kabisa. Ila ukichukua 960 ukaongeza asilimia 5 unapata 1,008, kampuni inalipa zaidi ya mshahara wa zamani.

Mhasibu alisema asilimia 4, kwa sababu 40 iliyopungua ni asilimia 4 ya 1,000. Sawa, lakini 960 ukiongeza asilimia 4 unapata 998.40. Bado hajafika.

Jibu la kuanzia 960 ni 40 gawanya kwa 960, yaani 1/24, yaani 0.041666 na sita zisizoisha, asilimia 4.17 ukikadiria.

Angalia hapo. Ni 40 ileile. Ni asilimia 5 ya 800, asilimia 4 ya 1,000, asilimia 4.17 hivi ya 960. Fundi alikuwa sahihi, mhasibu alikuwa sahihi, kila mmoja kwa baba wake, na wangeweza kubishana mwaka mzima wakiwa wote sahihi na mishahara yote haijakaa sawa. Hapa ndo nilipomwomba meneja abaki chumbani, maana alikuwa anataka kutoka.

Tukaamua asilimia isitumike kabisa kwenye marekebisho. Mhasibu arudi kwenye faili la kabla ya makato, achukue namba ya kila mtu ilivyokuwa, aiweke. Basi. Sababu ni mbili. Kwanza 1/24 haina desimali inayoisha, ukiikata sehemu yoyote utabaki na vichele vya makadirio kwenye kila slipu, na watu waliokwisha kukuona umekosea watavihesabu vichele hivyo kimoja kimoja. Pili, ahadi ilikuwa "kama ilivyokuwa", na kama ilivyokuwa ni namba, ipo kwenye faili, haihitaji kutafutwa kwa fomula. Mtu akikuazima kitu ukakirudisha hupigi hesabu ya asilimia, unarudisha kitu chake.

Meneja alisita kuhusu malimbikizo. Slipu pungufu zilikuwa zimeshatoka miezi miwili, kwaiyo wa kawaida anadai 80 na mama wa mapokezi anadai 50. Alitaka aanzie mwezi unaofuata, ya nyuma yasamehewe. Mhasibu, na hili lilinifurahisha, ndo aliyempinga: akasema barua ya pili imeandika "kiwango cha awali", na hatujalipa kiwango cha awali, kwaiyo ni deni. Meneja akakubali.

Matokeo

Mishahara ilirudi kwenye namba za zamani mwezi uliofuata, malimbikizo yakalipwa kwa pamoja. Barua ya tatu iliita jambo hili "marekebisho ya kiufundi" na haikueleza kosa lilikuwa wapi, uamuzi ambao mimi binafsi sikuupenda. Kwenye somo lenyewe nilitumia ukanda wa karatasi na slipu zao halisi, wengi walielewa hapohapo. Si wote. Fundi mpaka namwacha alikuwa bado anaona ile 8 juu ya 1,000 wamenyimwa, kwa sababu 25 toa 20 ni 5 na hilo huwezi kumbadilishia, na kusema ukweli kihesabu hajakosea kutoa, amekosea kuihamisha 5 kutoka kwenye 800 kuipeleka kwenye 960.

Mstari wa 0.63 kwenye slipu ulibadilishwa ukawa "saa 25 kati ya 40". Naona hilo lilikuwa rekebisho zuri kuliko yote na lilichukua muda mfupi kuliko yote.

Uchambuzi

Swali lililonisumbua zaidi ni hili: mhasibu anayejua hesabu, kwa nini hakushtuka? Jibu lilikuwa kwenye faili lake la nyuma. Aliwahi kukata watu asilimia 2 kwa makosa, akairudisha kwa kuongeza asilimia 2, na hakuna aliyelalamika. Ukipiga: 1,000 inakuwa 980, ukiongeza asilimia 2 ya 980, ambayo ni 19.60, unapata 999.60. Slipu zao hazionyeshi desimali, kwaiyo ikachapwa 1,000. Njia mbovu ikampa jibu linaloonekana zuri, na mtu akishapata jibu zuri kwa njia fulani anaitunza.

Pungufu hili lina tabia yake. Ukikata asilimia fulani ukaongeza asilimia hiyohiyo, unachopoteza ni hiyo sehemu zidisha kwa yenyewe. Kwa asilimia 2 ni 0.02 mara 0.02, yaani 0.0004, huoni kitu. Kwa asilimia 10 unapoteza asilimia 1. Kwa 20 unapoteza asilimia 4, ndo kisa chetu. Kwa 50 unapoteza robo nzima. Na mpangilio haubadilishi kitu, uanze kuongeza halafu ukate, 1.2 mara 0.8 ni 0.96 vilevile, jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka wapige wenyewe.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kurudi kwenye sehemu. Asilimia ni nzuri kwa kulinganisha, desimali ni nzuri kwa kompyuta, lakini mtu akitaka kuona kinachoendelea sehemu inamwonyesha. Ukikata 1/5 unarudisha 1/4. Ukikata 1/4 unarudisha 1/3. Ukikata 1/3 unarudisha nusu. Ukikata 1/10 unarudisha 1/9. Namba ya chini inapungua moja, basi, kwa sababu umetoa kipande kimoja na vilivyobaki vimepungua kimoja. Hiyo hiyo kwa asilimia inakuwa 20 na 25, 25 na 33.33, 33.33 na 50, 10 na 11.11, na hapo huoni mpangilio wowote, unaona namba za kukariri. Kwa makato yasiyo na 1 juu ni vilevile tu, asilimia 15 ni 3/20, vimebaki 17, unarudisha 3/17, karibu asilimia 17.65. Mhasibu aliipenda hii akaiandika pembeni ya skrini yake.

Kilichofeli kimeanza mapema, kwenye barua. Barua ya kwanza ilitumia 1/5, faili likatumia 0.2, slipu ikaandika 20%, barua ya pili "asilimia 20", yaani kitu kimoja nguo nne, na hakuna karatasi hata moja iliyosema ya nini. Barua ya kwanza ilipaswa kuwa na sentensi moja ya ziada, "1/5 ya mshahara wa sasa", na ya pili ilitakiwa kuwa na namba mbili kwa kila mtu: uliokuwa unalipwa kabla, utakaolipwa sasa. Mtu akiona 1,000 na 960 kwenye mstari mmoja chini ya maneno "kiwango cha awali" hahitaji mwalimu.

Makadirio nayo yalichangia kuliko nilivyotegemea. Ile 0.63 haikumwibia mtu hata senti, hesabu ya ndani ilikuwa safi, ila ilimpa fundi namba ya uongo ya kupigania, na mama mwenye dai la kweli akaonekana mmoja wa watu wasiojua wanachodai. Kwenye karatasi ya malipo 5/8 ingeandikwa 5/8, au 0.625, au 62.5%. Tarakimu ya tatu haichukui nafasi.

Kuna jambo jingine la asilimia lilijitokeza pembeni, halikuwa sehemu ya mgogoro lakini ni la familia hiyohiyo. Mchango wao wa mfuko wa ofisi ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 6, tangazo likasema "umepanda kwa asilimia 1". Aliyekuwa anachangia 50 kwenye 1,000 sasa anachangia 60, mfukoni kwake mchango umepanda kwa 10 juu ya 50, hiyo ni asilimia 20. Iliyopanda kwa 1 ni pointi ya asilimia, yaani asilimia 6 toa asilimia 5 tu. Tangazo lingesema tu "kutoka 5 hadi 6" lisingehitaji kuchagua. Na ile 5 ya fundi ni mambo hayahaya, ilikuwa pointi 5 kati ya 20 na 25, zote zikihesabiwa juu ya 800, akaitoa hapo akaifanya asilimia 5 ya namba nyingine.

Kwa upande wa meneja, kuita mwalimu wa hesabu kabla ya kukagua slipu moja kwa kalkuleta ulikuwa uamuzi wa gharama. Angechukua slipu ya mama wa mapokezi ya kabla ya makato na ile mpya akaziweka pamoja mezani, kesi ilikuwa inaisha siku hiyohiyo, maana moja inasema 625 na nyingine 600.

Faili lao sasa lina safu mpya kabla ya kila safu yenye alama ya asilimia, mhasibu ameipa kichwa "YA NINI", kwa herufi kubwa, na fomula haifanyi kazi kama seli hiyo iko tupu.